Picha ya Mtu Aliye Hai

Mlioikosa sehemu iliyopita msisumbuke, hamkukosa harusi. Nchagwa bado hajaoa, bado anachora maiti, na lile gari la kampuni ya sabuni lililozunguka Migori na vipaza sauti liliondoka na bango lake la mfano bila hata kumwuliza jina. Kabla ya hapo alikwenda kwenye siku ya wakulima wa tumbaku, kule kwao Kehancha, akarudi na kofia ya bure na kichwa kinachouma. Tulimwacha chumbani mwake Homa Bay, akila kiporo peke yake.

Kwa aliye mgeni hapa, niseme shida yake wazi. Nchagwa ni fundi wa picha. Mpe picha ndogo ya kipande, yaani ya kitambulisho, naye atakutolea uso mkubwa juu ya plaiwudi kwa rangi ya mafuta, macho yakikufuata kila uendako. Lakini miaka hii ya tisini, ambapo kila Jumamosi kuna kaburi linachimbwa, nani ana haja ya uso mkubwa isipokuwa waliofiwa? Alianza na picha moja ya matanga. Ikampendeza mhubiri, ikaleta nyingine, na nyingine. Leo akionekana barabarani na ubao kwapani, watu hawamsalimu. Wanamwuliza ni nani amekufa.

Riziki anayo, sikatai. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye. Akiingia hotelini, meza anayokalia inakuwa yake mwenyewe. Akipita, watoto huitwa ndani. Tena ni Mkuria katikati ya Wajaluo, Dholuo yake inaishia kwenye salamu, na hata hizo salamu hujibiwa na mtu ambaye tayari anaondoka. Jioni huzungumza na nyuso anazochora. Ikifika Ijumaa wenyewe wanakuja kuzichukua, na chumba kinabaki na harufu ya tapentaini.

Aliyebaki ni Liz. Ana kibanda cha chai karibu na stendi ya Homa Bay, na ndiye pekee anayesogeza kiti chake karibu na cha Nchagwa. Walijuana siku Nchagwa alipopeleka kwao picha ya matanga ya kaka yake Liz. Kabla mwaka haujaisha akapeleka ya kaka wa pili. Sasa utaelewa kwa nini Mama Jerusha, mamake Liz, hawezi kumtazama mchumba huyu machoni.

"Wewe si mtu mbaya," Mama Jerusha alimwambia. "Lakini nikikuona kwa mlango yangu, roho inaanza kuhesabu watoto wenye wamebaki. Na mimi nimebaki na huyu moja."

Nchagwa akaapa mbele yake, mkono juu ya Biblia, kwamba hatachora maiti tena. Mama akamjibu kwamba kuapa ni rahisi wiki ambayo hakuna msiba. Yeye alitaka kuona. Siku atakapoonyeshwa uso wa mtu aliye hai, umechorwa na Nchagwa, umetundikwa mahali watu wanacheka, basi wazee wa Kehancha waje na maneno yao ya posa.

Ndiyo maana anafukuzana na makampuni.

Aliyemfungua macho ni Abdihakim, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anakonunua rangi, ambaye naye ametoka mbali na anajua ugeni ni nini. Alimwambia kwamba mwenye msiba humtafuta fundi mwenyewe, ila kampuni haifiwi. Kampuni lazima uifuate pale inapokuja kujionyesha kwa watu.

Na kampuni hupenda kujionyesha. Iwe ya mbegu, ya mbolea au ya dawa za kuoshea ng'ombe, itatafuta uwanja, itapiga muziki, itagawa kofia. Kwa kushindwa mara kwa mara Nchagwa alijifunza adabu za mahali pale. Mwenye kipaza sauti hana neno lolote ofisini, amekodiwa kupiga kelele. Mgeni wa heshima anawaza chakula. Wa kumtafuta ni yule mwenye viatu vilivyojaa matope, anayehangaika kwamba hema limeinama, anayeulizwa soda ziko wapi. Huyo usimwendee na maneno. Mshikie kamba ya hema kwanza.

Hivyo ndivyo alivyompata Elijah, afisa wa kampuni ya mbegu za Chui, kwenye uwanja wa soko la Migori. Alimshikia kamba mpaka kigingi kikaingia. Elijah akajifuta jasho, akamwuliza anafanya kazi gani.

"Nachora," Nchagwa akasema, na safari hii hakuongeza anachochora.

Elijah akachangamka. Wiki iliyofuata kampuni ilikuwa na siku ya wakulima huko Ndhiwa, nyumbani kwa mzee Ogweno, ambaye mahindi yake yalikuwa yamewashinda wakulima wote wa Chui pande zile. Alitaka uso wa mzee huyo, mkubwa, utundikwe jukwaani. Ukiwapendeza watu, kuta za maduka yote yanayouza mbegu za Chui, toka Kehancha hadi Mbita, zingekuwa kazi ya Nchagwa. Akatoa picha ndogo ya mzee kwenye mfuko wa shati, akasisitiza jambo moja: mzee awe anacheka, maana kampuni haiuzi huzuni.

Hapo fundi wetu akakwama. Hajawahi kuchora mtu anayecheka. Wafiwa hawataki meno, wanataka heshima, mdomo uwe umefungwa. Alikwenda hotelini kuangalia watu wanavyocheka, lakini watu wakiona Nchagwa anawakazia macho, kicheko chenyewe hukata. Mwenye akili hutaka kujua kwa nini anapimwa.

Liz ndiye aliyemwokoa. Alifunga kibanda mapema, akaketi juu ya mtungi uliogeuzwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, Nchagwa akichora. Mzee Ogweno akapewa meno ya Liz, yote, safu ya juu na safu ya chini, meupe yamepangika. Nchagwa aliporudi chumbani na ubao ule, alijikuta anaucheka naye. Hakuwa amecheka ndani ya chumba kile tangu akipange.

Alikuwa mwangalifu, msimlaumu. Ule ukingo mweusi anaouzungushia picha zake aliuacha, akaweka wa manjano, na jina la Chui chini. Maua meupe ya pembeni hakuyaweka. Mwaka wa kuzaliwa hakuuandika. Lakini rangi ilikuwa haijakauka vizuri, na barabara ya Ndhiwa ina vumbi. Basi akaifunika picha kama alivyozoea kufunika picha zote, kwa shuka jeupe lililobanwa pembeni. Fundi mwingine yeyote angetafuta gunia. Nchagwa hana gunia. Ana mashuka meupe, na mkono wake haukumwuliza.

Pale soko la Ndhiwa akakodi boda boda, baiskeli yenye kiti cha nyuma, akaketi ameisimamisha picha mapajani isiguswe na kitu. Mwenye baiskeli alitazama shuka, akavua kofia, akaanza kuendesha polepole. Wanaume waliokuwa wanakuja mbele wakashuka kwenye baiskeli zao. Nchagwa akadhani ni adabu za watu wa Ndhiwa, akawapungia mkono.

Walipofika penye pampu ya maji, mama mmoja akamwuliza mwenye baiskeli kwa Dholuo ni nani amefariki. Naye hakujua. Upepo ukafungua kona ya shuka, yule mama akainama, akauona uso wa Ogweno.

Aliweka jerikeni chini. Akaweka mikono kichwani, akapiga nduru.

Nduru ya Ujaluoni haihitaji simu. Ilijibiwa ng'ambo ya kijito, ikajibiwa tena juu ya kilima. Nchagwa alielewa alipoona wanawake wanakimbia nyuma ya baiskeli wakilia jina la mzee. Akageuka, akawaeleza kwa Kiswahili chake chote kwamba Ogweno ni mzima, picha ni ya kampuni.

"Hata kampuni imekuja kumzika," mmoja akamwambia mwenzake, na kilio kikazidi.

Huko mbele, mzee Ogweno alikuwa ameketishwa safu ya kwanza, amevaa fulana ya manjano ya Chui, chupa ya soda mkononi, akingoja kuitwa atoe hotuba. Mara ua likazungukwa na watu wanaolia. Vijana wa upande wa ndugu yake wakaingia mbio na ng'ombe wao, wakipiga makelele na rungu juu, maana kifo cha mzee kinafukuzwa hivyo, kwa vishindo. Ng'ombe wakapita katikati ya meza ya mbegu. Muziki ukazimwa.

Mzee akasimama. Akauliza ni nani amefariki.

Watu walimtazama, wakaitazama picha, na Nchagwa amesimama katikati akiushikilia ubao kwa mikono miwili. Amezoea kutazamwa vibaya, lakini siku zote alitazamwa na familia moja moja. Leo ilikuwa tarafa nzima.

Ndipo akafika mikayi, yaani mke wa kwanza wa mzee. Habari ilimkuta kwenye kinu cha kusaga, naye akaacha unga wake huko na kukimbia njia yote, bila viatu, kitambaa kimeanguka kichwani. Alipasua watu mpaka mbele. Akamwona Ogweno. Akampiga kofi la bega, kisha akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamwambia kitu kwa Dholuo, na umati ukaangua kicheko. Mwenye baiskeli akamtafsiria Nchagwa: mama anauliza, inakuwaje yeye amlilie mtu na huyo mtu anakunywa soda?

Elijah hakucheka. Alimvuta Nchagwa kando kwa ukosi wa shati.

"Nilikuomba bango, umeniletea matanga," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho watasema mbegu zetu zinaua watu. Toka hapa."

Nchagwa akaanza kufunga shuka lake. Alikuwa anawaza Mama Jerusha tu, na atamwambia nini Liz. Lakini mzee Ogweno alikuwa ameshafika. Alitaka kuona hicho alicholiliwa. Akaliondoa shuka mwenyewe, akasimama mbele ya uso wake unaocheka, akauchunguza kwa muda.

"Hii meno ni ya nani?" akauliza.

Watu wakasogea. Mzee akafungua mdomo wake, akawaonyesha wote. Meno ya mbele ya chini hayakuwepo, yaling'olewa alipokuwa kijana kama ya kila Mjaluo wa rika lake, na hakuna mtoto wa Ndhiwa asiyelijua hilo. Mkuria wetu hakulijua. Alimchora mzee wa Kijaluo mwenye meno kamili.

"Wazee walinitoa," Ogweno akasema, "huyu kijana amenirudishia."

Basi walicheka, jamani. Wazee walishikana mabega, kila mmoja akionyesha pengo lake na kuomba arudishiwe meno. Wanawake waliokuja kulia waliketi chini kwa kicheko. Mikayi aliketi nao, akaomba maji, akanywa, akacheka tena. Elijah akatazama huku na huku, akaona uwanja umejaa mara mbili ya watu aliowaalika, wote wanaitazama picha yenye jina la Chui. Hakuwa mjinga. Akawasha kipaza sauti. Kufikia saa ya chakula mbegu zilikuwa zimekwisha mezani, hata zile zilizokanyagwa na ng'ombe, naye akamwambia Nchagwa afike ofisini Jumatatu ya wiki ya pili, aanze na maduka ya Rongo.

Picha mzee hakuiacha kwa kampuni. Aliibeba mwenyewe, akaitundika sebuleni juu ya redio. Nchagwa alipotaka kuaga, mikayi akamzuia mlangoni.

"Mtu amenifanya nilie ya bure, lazima akule kuku yangu," akasema.

Akaketishwa. Akanawishwa mikono. Sahani yake iliwekwa katikati pamoja na za wengine, na mzee akamwuliza habari za ng'ombe wa kwao, na mikayi akamwongezea mchuzi kila alipogeuka. Nchagwa amekula katika nyumba nyingi za watu, lakini zote zilikuwa na jeneza. Hii haikuwa nalo. Akafuta macho, akasingizia pilipili, na ndani ya kuku yule hamkuwa na pilipili hata chembe.

Aliporudi Homa Bay alikwenda moja kwa moja kwa Mama Jerusha. Hakuingia, alisimama uani akaeleza yote. Liz alicheka kusikia meno yake yametundikwa Ndhiwa. Mama hakucheka, lakini alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada, atakwenda aone kwa macho yake. Akiona watu wanacheka, basi yeye hana neno lingine.

Wiki ile Nchagwa alikataa kazi mbili za matanga, akawaelekeza wafiwa kwa mpiga picha wa mjini. Alinunua kiti cha pili cha chumbani. Alikuwa anakitazama jioni, akiwa amekaa kwenye kile cha kwanza.

Jumapili wakaenda watatu. Liz alivaa gauni la bluu. Pale Ndhiwa walishuka wakatembea, na njiani Mama Jerusha akamwuliza Nchagwa kama mamake yu hai, na anaitwa nani. Hajawahi kumwuliza hivyo. Nchagwa akajibu kwamba yu hai, anaitwa Nyasuguta, na atafurahi sana kuwajua. Alitamani njia iwe ndefu zaidi.

Walipokaribia ua wa Ogweno walisikia watu wengi. Nchagwa akatabasamu, akasema mnaona, nyumba hii haikosi watu. Mama Jerusha amezika wana wawili, anajua sauti za watu wengi. Alifungua leso yake, akaifunga kiunoni kama wanawake wanavyofunga wakiingia kwenye msiba.

Ndani ya ua kulikuwa na turubai. Wanaume waliketi chini yake bila kuongea. Moto mkubwa ulikuwa unawaka kando, na hapakuwa na sufuria juu yake.

Nchagwa akajua. Mzee amefariki, na ni yeye aliyemwitia kifo njia nzima toka sokoni. Akamshika Liz mkono bila kuomba ruhusa.

Lakini aliyetoka nyumbani, akiwa na fulana ile ile ya manjano, alikuwa mzee Ogweno.

Aliyelala ndani ni mikayi. Mzee alieleza kwa maneno machache. Tangu siku ile alilalamika kifua, akakataa kupelekwa hospitali, akasema ni mbio tu, zitaisha. Ijumaa asubuhi hakuamka. Pale chini ya turubai watu walikuwa wameshasema lao: nduru ikipigwa, kifo kinakuja, na kikishakuja hakirudi mikono mitupu. Nchagwa aliona jinsi walivyokuwa wanamtazama.

"Wacha waseme. Mimi sikulaumu," Ogweno akamwambia. "Alikuwa na wewe moyoni. Alhamisi jioni aliniuliza, ule kijana wa meno atarudi lini."

Kisha akasema jambo lake. Mikayi hajawahi kupigwa picha maishani. Kipande hakuchukua, kila mwaka alisema atachukua mwaka ujao. Kesho wanamzika. Akishafukiwa, hakuna mjukuu atakayejua uso wake ulikuwaje.

"Ingia umwangalie," mzee akasema. "Umchore vile ulimwona siku ile. Hakuna mtu mwingine najua wa kuuliza."

Akasukuma mlango, akabaki ameushikilia.

"Nchagwa." Ilikuwa sauti ya Mama Jerusha, nyuma yake, wala hakuipandisha. "Uliapa kwa Biblia yangu. Ukiingia hapo, mlango yangu usahau."

Nchagwa akamtazama Liz. Liz alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake mmoja ukiwa bado ndani ya mkono wa Nchagwa, wa pili umeshikwa na mamake. Nchagwa alimngoja aseme neno, lolote.

Mzee hakuharakisha. Alisimama pale mlangoni, akingoja kama watu wenye msiba wanavyongoja, na macho yake yalikuwa makavu, yamechoka. Nyuma yake, ndani, Nchagwa aliona kona ya kitanda na miguu ya mwanamke aliyemwongezea mchuzi.

Akauachia mkono wa Liz. Akavua viatu, akaviweka pembeni ya ukuta, akainama kupita mlangoni.

Nje alisikia nyayo zikiondoka kuelekea barabarani. Alitulia akizisikiliza, na hakuweza kujua kama zilikuwa za mtu mmoja au za wawili.